Chakula cha Skuli Kisiachiwe Hisani

Kila siku ya masomo, kabla jua halijapanda, maelfu ya watoto wa Unguja na Pemba huondoka majumbani mwao kuelekea skuli. Wako wanaotoka wamekunywa chai kwa mkate au kwa muhogo wa kuchemsha. Wako pia wanaotoka hawakuonja kitu, ama kwa kuwa nyumbani hakuna, ama kwa kuwa mama amekwisha kushuka pwani au kwenda shamba, ama kwa kuwa skuli iko mbali na kengele haimngojei mtu. Ifikapo saa nne, mwalimu aliyelizoea darasa lake hana haja ya kuuliza ni nani aliyekula na ni nani aliyelala na njaa. Huwaona. Mmoja amelaza kichwa juu ya dawati. Mwingine anautazama ubao bila ya kuuona. Na wa tatu, aliyebahatika kupewa vijisenti, anangoja mapumziko akanunue barafu na ubuyu langoni. Somo la hesabu la siku hiyo limekwisha kuwapita wote watatu.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ndiyo maana jambo hili, ambalo kila mwalimu analijua, huchukua muda mrefu kufika katika meza za wale wenye mamlaka ya kulikatia shauri. Leo tunaliweka mbele yao, na mbele ya wananchi wote, kwa sababu tunaamini kwamba wakati wake umefika.

Elimu bila ya malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Shabaha ya uamuzi ule ilikuwa kuondoa kizuizi cha fedha mlangoni mwa skuli, ili mtoto wa mkulima na mtoto wa mvuvi waingie darasani sawasawa na mtoto wa tajiri. Lakini yafaa tukiri kwamba njaa nayo ni ada. Ni ada ya siri, haiandikwi katika stakabadhi yoyote, na anayeilipa ni mtoto wa masikini peke yake. Tena ada hii inaelekea kupanda. Katika miaka ya karibuni Serikali imekuwa ikijenga skuli za ghorofa kwa nia ya kuondoa mikondo miwili, na hiyo ni hatua njema inayostahili kupongezwa. Hata hivyo, mtoto anayekaa skuli saa nyingi zaidi huhitaji chakula zaidi. Haitatufaa kumwongezea mwanafunzi saa za masomo ambazo tumbo lake halitamruhusu kuzitumia.

Visiwani mwetu yamekuwapo majaribio ya kuwalisha wanafunzi, mengine kwa nguvu za wazazi, mengine kwa msaada wa wafadhili. Waliojitolea tunawashukuru. Lakini mpango uliojengwa juu ya ufadhili huondoka na mfadhili wake, na mpango uliojengwa juu ya michango ya wazazi hukutana na mtihani mmoja usiokwepeka: mtoto wa asiyechanga afanywe nini? Akipewa, waliochanga hunung'unika, na mwezi wa pili michango hupungua. Akinyimwa, husimama mlangoni na bakuli tupu akiwatazama wenzake wanakula. Sisi tunasema wazi kwamba skuli inayomsimamisha mtoto mlangoni kwa kosa lisilo lake inamfundisha somo baya kuliko yote, nalo ni kuwa nchi hii ina watoto wake na ina watoto wa kando.

Kwa hiyo swali la msingi linahusu dhamana. Ni nani katika dola atakayeulizwa siku ambayo sufuria halikuwekwa jikoni? Ili tulijibu swali hili kwa faida, tunaona ni vyema kutazama nchi moja iliyolishughulikia kwa miaka mingi, ikakosea, ikajirekebisha, na hadi leo inaendelea kujirekebisha. Nchi hiyo ni Brazili. Iko mbali nasi, lakini si ngeni jikoni mwetu. Muhogo tunaoula na korosho tunazozikaanga asili yake ni huko Amerika ya Kusini, na ni Wareno waliovivusha vyakula hivyo kuja Afrika. Huenda basi tukapokea kutoka huko huko fundisho jingine.

Mwaka 1946 daktari mmoja wa Brazili, Josué de Castro, alitoa kitabu juu ya jiografia ya njaa, akaonesha kuwa njaa ya watu wake ilitokana na mipango ya wanadamu, wala haikuwa majaaliwa ya ardhi au ya hali ya hewa. Mwaka 1955 Serikali ya nchi hiyo ikaanzisha kampeni ya kitaifa ya chakula cha skuli. Mwanzo wake ulikuwa wa misaada, hasa maziwa ya unga kutoka ng'ambo, na misaada ilipopungua nchi ikalazimika kununua yenyewe. Ikanunua, lakini kwa njia ya makao makuu. Maofisa wa mji mkuu waliamua wanunue nini, wakaagiza supu za unga na biskuti kutoka viwandani, na shehena hiyo ikasafirishwa kwenda kila pembe ya nchi iliyo kubwa kama bara zima. Vyakula vingine vilifika vimeharibika. Vingine vilifika salama, lakini watoto wakavikataa kwa sababu havikufanana na chochote walichokula kwao. Fedha ilitumika, vitabu vya hesabu vikafungwa, na bado mtoto alikuwa na njaa.

Marekebisho yalikuja kwa awamu. Katiba ya mwaka 1988 ilitaja chakula cha skuli miongoni mwa mambo ambayo dola inawajibika kumpa mwanafunzi. Sheria ya mwaka 1994 iliondoa ununuzi makao makuu na kuukabidhi kwa majimbo na serikali za miji. Sheria ya mwaka 2009 ikatimiza muundo uliopo leo, ikawaingiza wanafunzi wa ngazi zote za elimu ya msingi na ya sekondari katika skuli za umma, pamoja na watu wazima wanaosoma. Wanafunzi wanaohudumiwa ni kiasi cha milioni 40, katika miji na wilaya zaidi ya 5,500.

Chombo cha dola kinachosimamia kazi hiyo ni Mfuko wa Taifa wa Maendeleo ya Elimu, ulio chini ya Wizara ya Elimu. Viongozi wetu wakitazame kwa makini chombo hiki kinavyofanya kazi. Hakipiki wala hakimiliki maghala ya chakula. Kazi yake ya kwanza ni kupeleka fedha, kwa mafungu kila mwaka, kwa hesabu ya wanafunzi walioandikishwa, katika akaunti maalumu ambayo haichanganywi na fedha nyingine. Mkuu wa mji hana ruhusa ya kuigusa fedha hiyo kwa ajili ya barabara au sherehe. Inanunua chakula, basi.

Kazi ya pili ni kuweka kipimo. Kila mji sharti uwe na mtaalamu wa lishe anayeandika orodha ya vyakula na kuitia sahihi kwa dhamana yake. Mlo mmoja wa skuli sharti umpatie mwanafunzi si chini ya asilimia 20 ya mahitaji yake ya siku, na anayeshinda skuli kutwa apate asilimia 70. Chakula kipya kikiingizwa, watoto hupewa wakionje na kukitolea maoni, au mabaki yao hupimwa. Mabaki yanapopimwa, chakula hukubaliwa iwapo kimeliwa kwa asilimia 90 au zaidi. Kwa njia hiyo hata mtoto wa darasa la kwanza ana sauti mbele ya afisa wa ununuzi.

Kazi ya tatu ni kuelimisha. Mfuko huo umeungana na vyuo vikuu vya umma kuunda vituo vya ushirikiano ambavyo huwafundisha wataalamu wa lishe, wajumbe wa kamati, wakulima na wapishi. Wapishi hao, ambao wengi wao ni akina mama, hawachukuliwi kuwa vibarua wa kuchochea kuni tu. Mwaka 2015 Mfuko ulianzisha shindano la taifa la mapishi bora ya skuli, na waliokuwa hawajulikani nje ya majiko yao wakajulikana nchi nzima. Serikali inayomheshimu mpishi wa skuli huwa imekwisha kumheshimu mtoto atakayekula.

Kazi ya nne ni kuifungamanisha skuli na shamba. Sheria ya mwaka 2009 iliamuru kwamba si chini ya asilimia 30 ya fedha inayotoka kwenye Mfuko itumike kununua mazao ya wakulima wadogo, na iwezekanapo wa eneo lile lile la skuli. Ununuzi huo hufanywa kwa tangazo la wazi, kwa bei iliyotafutwa katika masoko ya mahali hapo, pasipo zabuni kubwa ambazo mkulima mwenye ekari mbili hawezi kuziingia. Kila familia imewekewa kiwango cha juu cha kuuza kwa mwaka, ili mtu mmoja asije akajifanya ndiye wakulima wote. Sheria mpya ya mwaka 2025 ilipandisha sehemu hiyo kuwa asilimia 45 kuanzia mwaka 2026.

Kazi ya tano ni ya ulinzi, nayo imewekwa mikononi mwa wananchi. Kila mji una baraza la chakula cha skuli lenye wajumbe wa walimu, wa wazazi na wa jumuiya za wananchi, pamoja na mjumbe mmoja tu wa serikali ya mji, na mjumbe huyo haruhusiwi kuwa mwenyekiti. Baraza huingia jikoni na ghalani, hukagua hesabu, na hutoa kauli iwapo fedha imetumika kwa haki. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa daftari limewekwa mahali ambapo mzazi anaweza kulifunua. Mji usiotoa hesabu, au usiounda baraza, husimamishiwa fedha.

Hapo msomaji mwenye huruma atauliza: fedha ikisimamishwa, mtoto atakula nini? Sheria ile imelifikiria hilo. Fedha ya mji uliosimamishwa inaweza kupelekwa moja kwa moja katika skuli zenyewe kwa muda wa siku 180, ili sufuria lisizimike wakati wakubwa wanaulizwa. Tumesoma vifungu vingi vya sheria katika kazi yetu, na ni nadra kukuta kifungu kilichomkumbuka mtoto katika siku ya ubadhirifu wa mtu mzima.

Hatusemi haya ili kuisifu Brazili kupita kiasi. Fungu la kila mwanafunzi wa skuli za msingi lilikaa palepale tangu mwaka 2017 hadi 2023, ambapo lilipandishwa kutoka senti 36 za fedha yao hadi senti 50 kwa siku, na katika miaka hiyo bei za vyakula hazikukaa zikingoja. Miji yenye mapato ilijaziliza upungufu, miji masikini ikapunguza nyama na matunda. Mwaka 2016, katika jimbo la São Paulo, polisi walifichua mtandao wa udanganyifu uliohusu maji ya machungwa yaliyonunuliwa kwa ajili ya skuli, na ushirika wenyewe uliopaswa kuwatetea wakulima ulikuwa ndani yake. Basi jina zuri la ushirika au la kamati halitoshi kuzuia wizi. Kinachouzuia ni ukaguzi usiochoka, na adhabu isiyochagua mtu.

Sasa turejee visiwani mwetu. Ukubwa wetu ni mdogo, na katika jambo hili udogo ni neema. Afisa anayetoka mjini asubuhi anaweza kufika Makunduchi au Nungwi, akala pamoja na wanafunzi, akarudi kabla ya alasiri. Kwa sababu hiyo hatuna udhuru wa kurudia kosa la kuamua kila kitu makao makuu. Kojani ni kisiwa cha wavuvi, na chakula cha skuli yake hakiwezi kuwa sawa na cha skuli iliyo karibu na mabonde ya mpunga ya Cheju. Ardhi yetu inatoa muhogo, viazi vitamu, majimbi, ndizi, shelisheli, kunde, mbaazi na mchicha. Bahari inatoa dagaa, ambao wengi wao hukaushwa na kuvushwa kwenda kuuzwa nje ya visiwa huku watoto wetu wakihitaji chakula cha kujenga mwili. Wakati huohuo sehemu kubwa ya mchele tunaoula huja na meli. Skuli zikiwa mnunuzi wa hakika, mkulima wa Micheweni atajua kabla ya kupanda kwamba kunde zake zina mlaji. Lakini alipwe kwa wakati. Mtu aliyeuza magunia mawili ya mbaazi hana uwezo wa kuikopesha Serikali kwa miezi mitatu.

Tunapendekeza, kwanza, kwamba chakula cha skuli kiwekewe fungu lake katika bajeti, lenye akaunti yake, na fedha ifike wilayani kabla ya muhula kufunguliwa. Pili, itajwe ofisi moja yenye dhamana, ili barua ya mzazi isizungushwe baina ya elimu, afya, kilimo na serikali za mitaa mpaka ikapotea. Tatu, kila wilaya iwe na mtaalamu wa lishe atakayeandika milo kwa kufuata mazao ya mahali na atakayeitembelea kila skuli. Nne, kila skuli iwe na kamati ya chakula ambayo mwenyekiti wake ni mzazi, na ubaoni paandikwe kila mwezi fedha iliyoingia, chakula kilichonunuliwa, bei yake na aliyeuza. Tano, wapishi walipwe ujira unaojulikana, wapimwe afya zao, wapewe maji safi na majiko yasiyotulazimisha kumaliza mikoko yetu kwa kuni. Sita, iandikwe katika kanuni kwamba hapana mtoto atakayeondolewa katika foleni ya chakula kwa sababu ya mzazi wake.

Mambo haya yaende sambamba na afya. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa skuli kisiwani Pemba katika miaka ya 1990 ulionesha jinsi minyoo ya safura inavyonyonya damu ya mtoto na kumdhoofisha. Kumlisha mtoto bila ya kumpa dawa ya minyoo, choo safi na maji ya kunawa ni kujaza mtungi wenye tundu.

Wapo watakaosema kwamba Serikali haina fedha. Hoja hiyo haidharauliki, na jibu lake ni kuanza kwa uwezo uliopo, kwa utaratibu unaoeleweka: watoto wa maandalizi na wa madarasa ya chini kwanza, na shehia zenye dhiki zaidi kabla ya nyingine, kisha kupanua kila mwaka. Wenye hoja hiyo nao wakumbuke kwamba mshahara wa mwalimu, kitabu na dawati ni fedha iliyokwisha kutumika, na sehemu yake inapotea kila siku mbele ya mtoto asiyeweza kusikiliza kwa njaa. Wapo pia watakaosema kwamba wazazi watazoea kulishiwa watoto wao. Hatuioni khatari hiyo. Mzazi atabaki na kazi nyingi: kuchunga ghala, kushika jembe katika bustani ya skuli, kukaa katika kamati, na kuuliza maswali pale hesabu isipolingana. Tunachotaka aondolewe ni fedheha ya kuona mwanawe ananyimwa chakula kwa sababu mwezi huu bahari ilichafuka.

Viongozi wetu tunawaomba jambo moja jepesi. Achagueni siku ya kawaida, isiyokuwa ya sikukuu wala ya ziara rasmi. Nendeni katika skuli moja ya wilaya zenu bila ya kupeleka habari mbele, wakati wa mapumziko. Msikae katika chumba cha mwalimu mkuu mkaletewa soda. Pangeni foleni pamoja na watoto, na mle kile watakachokula wao. Iwapo hakuna foleni, kwa sababu hakuna chakula, basi kaeni nao hivyo hivyo mpaka kengele ya kwenda nyumbani, kisha mrudi ofisini mkaandike taarifa zenu.